Joto Kushoto, Baridi Kulia

"Mwambie Susu ainue kidevu kidogo," sauti ilisema kutoka juu ya ngazi.

Yvonne, mjukuu wangu, ambaye huniita Susu, yaani nyanya, alikuwa amesimama katikati yetu, akanigeukia kana kwamba niko ng'ambo ya bonde. "Susu, inua kidevu kidogo."

Nikainua. Taa ya kushoto ilinipiga shavuni kama mlango wa tanuri uliofunguliwa. Ya kulia ilikuwa ya buluu, rangi ya baridi, ingawa nayo ilichoma vilevile. Nilisikia fremu ya bati ikichomolewa, karatasi ya plastiki ikitolewa, nyingine ikiteleza mahali pake. Mikono yangu mapajani ikawa rangi ya asali. Kisha rangi ya chai ya maziwa. Kisha rangi ya nyasi za mwezi wa Septemba.

"Mwambie si hiyo," sauti ikasema.

"Susu, si hiyo."

"Mwambie nimesikia," nikasema. "Mimi si kiziwi, ni mkwe."

Mbaluka, aliyekuwa juu ya ngazi, ni mume wa binti yangu Nthenya. Sisi Wakamba tuna kitu tunakiita nthoni, heshima na haya vikiwa chungu kimoja, na nthoni kubwa kuliko zote ni ya mama mkwe na mkwe wake wa kiume. Mama yangu alipomwona mkwe wake akija, aliacha njia akaingia vichakani hadi apite. Siku hizi tunapeana mkono, haraka, kila mmoja akitazama pembeni. Hatuketi kochi moja. Hatuli meza moja. Silali nyumbani kwake. Ukiniuliza Mbaluka ana sura gani, nitakueleza vizuri zaidi nikiwa na picha ya harusi yao mkononi.

Sasa fikiria kazi tuliyokuwa nayo wiki ile pale Mutomo, ndani ya ukumbi wa kanisa uliozibwa madirisha kwa mablanketi na magunia. Yeye alitakiwa kuchagua rangi za taa zitakazoufaa uso wangu. Mimi nilitakiwa kukaa nitazamwe.

Igizo lilikuwa la Nthenya. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Jumamosi alifundisha vijana wa kanisa kuigiza. Aliliandika katika miezi yake ya mwisho, mgongo ukiegemea mito. Ni hadithi ya mwanamke mzee anayekataa kuhama wakati wa ukame, ingawa watu wake wote wameondoka. Sehemu ya yule mzee aliniandikia mimi, akanikataza kukataa. Mwisho wa igizo hauna maneno. Ni alfajiri. Mwanamke amekaa mlangoni, moto wa jikoni uko kushoto kwake, kulia kunapambazuka, na anasikia hatua za mtu anayerudi.

"Hapo husemi kitu, Mama," Nthenya aliniambia. "Uso wako ndio mwisho."

Hata taa aliziagiza. Joto kushoto, baridi kulia. Hakusema joto lipi wala baridi ipi. Hakufika huko.

Jumamosi ile ingekuwa mwaka mmoja tangu tumzike. Ukumbi tulikuwa tumepewa kwa alasiri hiyo tu, na baadaye vijana wangetawanyika kwenda vyuoni na makazini. Kama uso wangu usingeonekana, mwanangu angekuwa ameacha igizo lililokatika. Hilo ndilo lililonitoa kwangu Kasikeu na magoti yangu haya, nikakubali kukaa kwenye kiti kile kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Mbaluka alikuwa fundi wa umeme. Alikodiwa kufunga vyombo kwenye harusi, kwenye mazishi na kwenye mikutano ya injili. Zile taa mbili kubwa alizipata zilipotupwa na ukumbi mmoja wa Nairobi, akazitengeneza mwenyewe, na pamoja nazo likaja boksi la karatasi za rangi, yeye aliziita filta, nyingine nzima, nyingine zimeungua katikati. Alizijua kwa kuzishika. Lakini wiki ile hakuridhika na hata moja. Aliweka, akatoa. Akapanda, akashuka. Alijaribu nyekundu, na Mbuvi, mtunza ukumbi, akaja mbio na funguo zake zikilia kiunoni.

"Hiyo hapana, fundi. Mzee wa kanisa akipita hapo nje atasema tumefungua kilabu."

"Ni ya moto, Mbuvi. Moto ni mwekundu."

"Wa kilabu pia ni mwekundu."

Ikatolewa. Nami nikakaa.

Sitaki kumsema vibaya. Kila asubuhi nilikuta gunia limekunjwa vizuri juu ya kiti ili mifupa yangu isiumie, na bilauri ya maji imewekwa sakafuni, mahali ambapo mkono wangu ungefika bila kuinama sana. Kabla ya kubadilisha filta aligeuza taa ukutani kwanza ili isinipige machoni. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Lakini wema hauondoi kuchoka. Ilipofika Jumatano nilikuwa nimechoka hadi ulimi.

"Mwambie baba yako," nilimwambia Yvonne, "kwamba hata kuku huwekwa kwenye mizani mara moja tu."

"Baba, Susu anasema..."

"Nimesikia. Mwambie anivumilie."

"Susu, anasema..."

"Nimesikia!"

Yvonne akatupa mikono juu. "Aki nyinyi! Mko ukumbi mmoja. Mimi si mnara wa simu."

Jioni nilirudi kwa Hasina, nilikokuwa nalala. Hasina ana duka la vitambaa karibu na soko. Babu yake alitoka pwani akiuza kamba za kufungia mizigo, akaoa hapo hapo Mutomo, na ukoo wake haukuondoka tena. Aliponiona mlangoni aliniwekea beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi kabla sijaomba, akaninyang'anya viatu.

"Wallahi, Bibi Ndila, nyinyi mnajitesa," alisema, akinikanda vifundo. "Mkwe wangu mimi, huyo Fahad, anaingia jikoni kwangu, anafunua sufuria, ananiambia mama leo chumvi imezidi. Na mimi namrushia mwiko. Basi tumemaliza."

"Kwetu mwiko hauruki."

"Kwenu hata macho hayaruki."

Nikacheka, lakini usiku ule neno lake lilinikaa kama mfupa wa samaki. Ilinijia picha ya hospitali. Miezi ile yote ya ugonjwa, mimi na Mbaluka tulipokezana kama walinzi. Akiingia, mimi natoka. Nikiingia, yeye ananyanyuka, anachukua kofia, anapita akiambaa ukuta. Mara moja nilifika mapema nikamwona kupitia mlango uliobaki wazi, ameinama, anamwosha mke wake nywele kwenye karai, maji akiyapima kwa kiwiko kama mtu anayemwosha mtoto mchanga. Nilirudi nyuma nikakaa kwenye benchi la nje. Ilikuwa heshima. Ndiyo, ilikuwa heshima. Lakini hatukuwahi, hata siku moja, kusimama pamoja kando ya kitanda kile.

Alhamisi Mbaluka alisema kupitia Yvonne kwamba amepata. Kushoto aliweka ya rangi ya asali iliyokolea, kulia buluu yenye ukijani kidogo. Tukacheza igizo lote mbele ya wanakwaya waliokuwa wamekuja kwa mazoezi yao. Niliifikia ile sehemu ya mwisho. Nikasikia hatua. Nikafanya usoni mwangu kila kitu nilichokuwa nacho, kila kitu nilichokuwa nimekifungia mwaka mzima, nikakitoa pale mlangoni.

Wakapiga makofi ya adabu.

"Imependeza, Mama," Mbuvi alisema kutoka nyuma. Alikuwa mtu asiyeweza kudanganya hata kwa hisani. "Leso yako tumeiona mpaka maandishi tumesoma. Mikono pia. Ila uso... kwani ulikuwa wapi?"

"Ulikuwa kama mtu aliyepakwa majivu," alisema Wavinya, aliyeongoza sauti za kwanza. "Pole, Susu. Kiti nacho kiling'aa kabisa."

Niliwatazama. Kiti kiling'aa. Leso iling'aa. Mikono ilionekana, na gunia, na maji kwenye bilauri. Kila kitu kilikuwa kimepata rangi yake isipokuwa kile kimoja. Ndipo nikaelewa, na hasira ilinipanda polepole kama maziwa yanayokaribia kumwagika. Siku zote zile juu ya ngazi mkwe wangu hakuwa ameutazama uso wangu hata mara moja. Alitazama kuanzia shingo kwenda chini. Alikuwa amechagua rangi za leso.

Ningemwambia nini? Mama mkwe hawezi kumwambia mkwe wake: nitazame. Maneno hayo hayana mdomo wa kuyatoa. Nilimwambia Yvonne, na Yvonne, bila kupunguza wala kuongeza, akamwambia baba yake kwa sauti ya kila mtu kusikia. Mbaluka alishuka ngazi, akaanza kukunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa.

Ijumaa tulijaribu njia za kuzunguka. Yvonne alikaa kwenye kiti badala yangu. Ana rangi ya baba yake, maji ya kunde. Taa iliyompendeza yeye, nilipokaa mimi, ilinirudisha kwenye majivu. Mimi ni mweusi wa kukolea, kama chini ya sufuria ya kuni. Hasina alifunga duka akaja kukaa, akiweka mikono kiunoni kama malkia, akatuchekesha, lakini Hasina ni rangi ya tangawizi. Haikusaidia. Kisha Yvonne akasema atanipiga picha kwa simu, baba yake atazame picha.

"Picha si mtu," alisema, amefurahi kwa ujanja wake. "Hapo nthoni haiko."

Akapiga. Mbaluka akaishika simu mbali na kifua, akatazama, akapanda, akabadilisha. Yvonne akapiga tena. Lakini simu ile ilikuwa na akili zake. Kila alipoweka buluu, yenyewe iliipunguza. Kila alipoweka asali, yenyewe ilinisafisha hadi nikaonekana nimetoka saluni. Kwenye picha nilikuwa mzuri katika rangi zote. Kwenye kiti nilikuwa majivu.

"Hii simu inadanganya," Mbaluka alisema, akairudisha. Aliketi kwenye ngazi ya chini, kichwa mikononi. "Mwambie Susu aende akapumzike. Tutatumia taa nyeupe. Za kawaida tu."

Yvonne hakunigeukia. Alikuwa analia, lakini kwa hasira. "Mama hakusema nyeupe."

Nje nilisikia mbuzi wa mtu wakipita, na mwenyewe akiwatukana. Nilikuwa nimemkasirikia Mbaluka, na mama yangu aliyeingia vichakani, na mimi mwenyewe niliyekaa kwenye benchi la hospitali. Nilimkasirikia hata Nthenya. Alitujua wote wawili. Alijua kabisa atakayekaa kwenye kiti na atakayepanda ngazi. Kwa nini aliandika mwisho wa namna hii?

Nadhani hasira hiyo ndiyo iliyonisaidia. Nilikaa vizuri kwenye kiti, nikaweka mikono mapajani.

"Yvonne," nikasema, "mwambie baba yako kwamba mimi sasa nafumba macho. Na sitayafumbua mpaka aseme. Mtu asiyeona hatazamani na mtu."

Nikafumba.

Nikasikia ngazi ikilia, kipande kwa kipande, akipanda. Taa ya kushoto ikageuka kutoka ukutani na kunifikia. Ukiwa umefumba macho rangi haiji kama rangi, inakuja kama hali ya hewa. Nilijua ameweka asali kwa sababu ndani ya kope kulikuwa kama mchana wa kiangazi. Akaitoa. Akaweka nyingine, laini zaidi, iliyofanana na wakati ule jua linapokaribia kuchwea nyuma ya vilima. Kulia kukawa na ubaridi ambao haukuwa wa majani tena.

Halafu kila kitu kikasimama. Fremu haikulia. Ngazi haikulia. Nilingoja hadi nikadhani ameteremka kimya kimya akaondoka.

"Yvonne?"

"Niko, Susu. Naye yuko."

"Kuna shida na taa?"

"Taa haina shida, mwaitu," Mbaluka alisema.

Mwaitu, mama. Hakumwambia Yvonne aniambie. Aliniambia mimi, na sauti yake haikuwa ya mtu anayeangalia pembeni.

"Basi ni nini?"

"Una kidevu chake."

Hapo nikaelewa kwamba haikuwa nthoni peke yake iliyomzuia kunitazama wiki nzima, na hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nilitaka kusema jambo la maana, lakini lililotoka ni la kawaida tu.

"Yeye ndiye alikuwa na changu."

Nilisikia akicheka, au kitu kilichofanana na kucheka. Kisha akapuliza pua, na fremu ya bati ikaanza tena kazi. Hii je? Geuka kidogo, mwaitu. Hapana, ulivyokuwa. Hii je? Mimi nisiyeona chochote ningemjibu nini? Lakini nilijibu kila mara. Nilisema haya. Nilisema endelea. Shingo iliniuma, mgongo uliniuma, jasho liliteremka hadi kwenye masikio, na sikutikisika.

"Basi," alisema hatimaye.

Nilipofumbua macho alikuwa amezima taa na anashuka, mgongo kwangu.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye vizingiti vya madirisha, migongo kwenye mablanketi. Hasina alikuja na wanawake wa kwake, wakakaa mstari wa mbele na kunukia udi. Kijana aliyeigiza mwanangu alisahau maneno mara mbili, na mtoto wa mtu alilia katikati ya ukame wetu. Mwisho ulipofika nilikaa mlangoni. Kushoto joto, kulia baridi. Mbele yangu palikuwa na giza tupu, maana aliye kwenye mwanga haoni walio nje yake. Nikasikia hatua. Sikufanya chochote usoni. Nilikuwa nimechoka mno kufanya kitu. Niliinua tu kidevu.

Hakuna aliyepiga makofi. Kwanza nilifikiri tumeshindwa tena. Kisha nikasikia, kutoka nyuma kabisa, Mbuvi akivuta kamasi kwa nguvu kama mtu mwenye mafua, na karibu naye mwanamke nisiyemjua akasema kwa Kikamba, taratibu, "Ni Nthenya huyo." Makofi yakaja baada ya hapo.

Watu walinishika mikono, wakaniambia walivyoniona. Mmoja alisema nilikuwa rangi ya mbegu za mbarika zilizopakwa mafuta. Mwingine alisema upande mmoja nilikuwa mzee na upande mwingine msichana. Wavinya alisema hakujua kuwa mimi ni mzuri, kisha akajishika mdomo. Niliwasikiliza wote kwa wivu. Kila mtu ndani ya ukumbi ule alikuwa ameuona mwisho wa igizo la mwanangu isipokuwa mimi.

Ndipo nikapata wazo. Watu walipotoka kwenda kula, nilimwambia Yvonne akae kwenye kiti. Yeye si rangi yangu, nilijua, lakini nilitaka angalau kuona kilichofanywa. Nilishuka jukwaani nikishika ukuta, nikatafuta benchi la katikati, nikakaa. Mbaluka alikuwa bado juu ya ngazi. Alinielewa bila kuambiwa, akawasha.

Lakini Mbuvi alikuwa ameshaanza kazi yake. Ukumbi ulitakiwa kwa ibada ya kesho yake. Blanketi moja lilianguka, kisha gunia, kisha blanketi jingine, na jua la alasiri la Mutomo likaingia kwa madirisha yote kwa pamoja, likajaza ukumbi hadi pembeni.

"Ngoja kidogo, Mbuvi!" Yvonne alipiga kelele.

"Nimeshatoa yote, mama. Pole!"

Nikatazama jukwaani. Nilimwona msichana amekaa kwenye kiti cha mbao, mikono mapajani, kidevu juu. Hakuwa na joto kushoto wala baridi kulia. Alikuwa na jua tu, kama mtu yeyote aliye nje. Nilikodoa macho hadi yakatoa machozi. Nilisogea benchi la mbele. Nikasogea tena.

"Inawaka, mwaitu," Mbaluka alisema kutoka juu ya ngazi. "Zote mbili zinawaka."

"Naamini," nikamwambia.